Ile nguvu Wachina wanaita qi: inaponya kweli?



Mwezi uliopita shangazi yangu alinipigia simu. Iko na miaka 61, na tangu zamani anameza dawa ya tansio. Mutu moja wa mutaa wao, mwenye anasema alijifunza kazi ya mikono ya Wachina, alimulalisha saa nzima, akapitisha mikono juu ya mwili wake bila kumugusa, kisha akamuambia: "Enerji yako ilikuwa imefungana, sasa inatembea." Usiku ule shangazi alilala muzuri. Kesho yake akaweka vidonge pembeni. Akaniuliza: "Wewe ulisoma, uniambie, hii kitu ni ya kweli?" Miaka yote ile ya masomo, na sikukuwa na jibu. Njo maana nilianza kutafuta.

Tuanze na neno lenyewe. Qi (tunasoma "chi") haiko ile enerji ya fizika yenye tunapima kwa juli. Namna ya zamani ya kuandika ile alama inaonyesha mvuke juu ya muchele. Katika Kichina cha kila siku, hewa ni kongqi, hali ya hewa ni tianqi, na kukasirika ni shengqi, ni kusema kuzaa qi. Kwa hiyo ni pumzi, mvuke, hasira, uzima, vyote katika neno moja. Mwenye alilisukuma sana neno "enerji" ni Mufaransa George Soulié de Morant, mwenye alitumika kule China kama konsuli; katika vitabu vyake vya miaka ya 1930 juu ya sindano za Kichina, alitafsiri qi vile. Na sisi wenye tulisoma kwa Kifaransa tulipokea ile chakula ikiwa imeiva tayari.

Huangdi Neijing, kitabu cha dawa chenye kiko na miaka karibu 2,000, kinafundisha kwamba qi inapita katika njia 12 kubwa za mwili, sawa maji katika mifereji ya shamba. Mufereji ukiziba, upande moja unakauka na mwingine unafurika, na pale ugonjwa unaingia. Kwa watu wenye hawakukuwa na mikroskopi, haikukuwa mawazo ya kijinga. Lakini mpaka leo wenye kupasua mwili wanaona mishipa ya damu na ya fahamu. Zile njia za qi hawazioni.

Sasa kuna vitu viwili vyenye watu wanachanganya. Kimoja ni mazoezi: kutembeza mikono polepole, kupumua kwa tumbo, kutuliza akili. Hayo ni ya zamani kabisa. Katika kaburi moja la Mawangdui, kwenye muji wa Changsha, walipata kitambaa cha hariri chenye picha 44 za watu wakijinyoosha, na kaburi lile lilifungwa mwaka wa 168 mbele ya Yesu. Lakini jina qigong, kama jina la matibabu, ni la juzi tu: Liu Guizhen, mutumishi wa Chama cha Kikomunisti mwenye alisumbuliwa na kidonda cha tumbo, njo alilieneza, na katika miaka ya 1950 akaongoza nyumba za matibabu kule Tangshan na Beidaihe. Inchi ilikuwa na madaktari wachache, na mazoezi hayaombe mashini.

Kingine ni waiqi, "qi ya inje": mutu anasema anatoa qi katika mikono yake na kuituma ndani ya mugonjwa. Njo ile ya shangazi. Mwaka wa 1978, Gu Hansen wa Shanghai alisema aliipima kwa mashini. Qian Xuesen, mwenye Wachina wanaita baba wa roketi zao, aliunga mukono uchunguzi wa namna ile. (Muone: kujua roketi hakukuzuii kukosea juu ya mikono.) Miaka ya 1980, watu walijaza viwanja vya mupira kupokea qi ya mabingwa.

Katika 1988 wachunguzi kutoka Amerika ya Kaskazini walialikwa China. Walifanya kitu chepesi: bingwa chumba hiki, mugonjwa chumba kingine, wasionane. Mugonjwa alitikisika, ndiyo, lakini alitikisika hata wakati bingwa alikuwa amepumzika. Karibu miaka kumi kisha, mutoto Mumarekani Emily Rosa alipima watu 21 wenye kutibu kwa mikono bila kugusa. Waliingiza mikono katika matundu ya ukuta wa karatasi, yeye anasogeza mukono wake karibu na moja, wao waseme ni upande gani wanasikia enerji. Mara 280, walipata 123. Ukirusha faranga ya chuma unapata karibu 140.

Mazoezi yenyewe siyatupe. Tai chi inasaidia wazee wasianguke ovyo, na kutembeza mwili kunaweza kushusha tansio kidogo. Hata kutembea mpaka soko kunafanya vile. Hatari iko hapa: tansio hailie. Unaacha dawa, unajisikia mwepesi, na siku moja mushipa unapasuka katika kichwa.

Na musiseme ninazarau Wachina. Tu Youyou alikuta katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, namna ya kuloweka jani la qinghao katika maji juu ya homa. Akaelewa kwamba moto njo ulikuwa unaharibu dawa, akatumia eta, akapima kwa panya, akainywa yeye mwenyewe, kisha wagonjwa. Nobel ya 2015. Dawa zenye zinatoka katika ile artemisinini njo ziko katika vidonge vyenye centre de santé inatupatia juu ya malaria.

Nilieleza shangazi yote ile siku ya Yenga. Akanisikiliza, akauliza: "Sasa juu ya nini nililala muzuri?" Nikamuambia: mutu alikaa na wewe saa nzima, simu imezimwa, anakuuliza kila mahali penye kuuma. Munganga wako anakupatia dakika tatu. Akacheka. Tulipima tansio: 18 juu ya 11. Asubuhi angali ananyoosha mikono yake pale inje ya nyumba, lakini anameza kidonge kwanza.