Je, Wajua? Rejeta ya Pili Iliyojificha Ndani ya Kabini

Je, wajua kuwa malori mengi yana rejeta mbili? Ile ya mbele ya injini kila mtu anaijua. Ya pili ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, nayo hukaa nyuma ya dashibodi, mara nyingi upande wa utingo. Hiyo ndiyo rejeta ya hita. Maji yanayopoza injini ndiyo hayo hayo yanayopita humo, na feni hupuliza hewa katikati yake ili kabini ipate joto.

Je, wajua kuwa malori mengi yaliyotumika tunayoagiza Japani huja na hita kamili kwa sababu kule kuna theluji? Lori likishafika Kang'ata, wilayani Handeni, kubeba mahindi, dereva anatafuta upepo, hatafuti joto. Hita inaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, lakini kutoiwasha si kuiondoa. Katika baadhi ya malori ya zamani maji huzunguka ndani yake muda wote, iwe imewashwa au imezimwa. Ikitoboka, yanayomwagika ni maji ya injini, na injini ikikauka maji huunguza gasketi ya silinda hedi.

Je, wajua dalili ya kwanza? Unaongeza maji kila asubuhi, lakini chini ya gari ni pakavu na rejeta kubwa haivuji hata tone. Usikimbilie kufungua injini. Inua zulia la upande wa utingo na uguse sakafu. Kisha angalia kioo cha mbele kwa ndani. Ukungu wa mvua ukiufuta kwa kitambaa kikavu unaondoka. Ukungu wa kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, unapakaa: kioo kinabaki na utando wa mafuta mafuta, na ukinusa kitambaa utasikia harufu tamu. Zulia likiwa kavu, kioo safi, na ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, hapo sasa shuku gasketi.

Je, wajua kuwa mikono yako ni kipimo? Acha injini ipate moto, fungua hita mpaka mwisho, uzime injini, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kabini. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi: rejeta ya hita imeziba au valvu haifunguki.

Kinachoiziba mara nyingi ni maji tunayojaza. Handeni ina historia ndefu ya shida ya maji, hata ukajengwa mradi wa bomba kuu, maarufu kama HTM, kuyatoa Mto Pangani upande wa Korogwe. Mbali na bomba, dereva anachota penye maji: kisimani au lamboni. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na maji ya lambo yana tope. Vijibomba vya hita ni vyembamba, kwa hiyo huziba mapema. Yai bichi linalomwagwa kwenye rejeta ili kuziba tundu njiani nalo huishia humo humo.

Je, wajua kuwa maji yakichanganywa na kulanti nusu kwa nusu huzuia kutu, kazi ambayo maji matupu hayawezi? Huku kwetu barafu haitusumbui, ndiyo maana wengi huona kulanti ni anasa. Si anasa. Kutu ndiyo inayotoboa hita. Ukikosa kulanti kabisa, maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko ya kisima.

Je, wajua kuwa Lushoto maji huchemka mapema kuliko Tanga mjini? Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi joto kama 95 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima hushikilia mgandamizo, na maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 116. Kifuniko kilichochoka mpira hupoteza faida hiyo yote, halafu lori likichemka kwenye kona za kupanda kutoka Mombo watu wanalaumu mlima.

Je, wajua kuwa kwenye mlima huo huo hita inaweza kukuokoa? Mshale wa joto ukianza kupanda, shusha vioo, fungua hita na feni mpaka mwisho: inavuta sehemu ya joto la injini. Utateseka kidogo, lakini utafika mahali pa kuegesha. Kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe.

Mafundi wengi, hita ikivuja, huikata na kuunganisha mipira yake miwili. Kwa safari ya kufika nyumbani ni sawa, na afadhali kuunganisha kuliko kuziba kila mmoja, kwa sababu kuna injini zinazohitaji mzunguko huo. Ila mimi siungi mkono kuliacha lori hivyo miaka nenda miaka rudi. Wakati wa masika, hewa ya moto ya hita ndiyo inayokausha kioo cha mbele, na usiku wa mvua kwenye kilomita 65 za Handeni hadi Korogwe kuona mbele ni uhai wako na wa anayetembea kando ya barabara.

Je, wajua namna ya kusafisha hita iliyoziba? Chomoa mipira yote miwili, pitisha maji safi kinyume na njia yake ya kawaida, kwa nguvu ndogo, mpaka yatoke meupe. Maji ya presha ya kuoshea magari huipasua. Unapojaza upya acha hita wazi ili hewa itoke, na mpira uliolainika au kupasuka ubadilishe siku hiyo hiyo. Ukipasukia ndani ya kabini, maji ya moto yanamwagikia miguu ya utingo.

Je, wajua kuwa kulanti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu? Mbwa huilamba, mtoto anaweza kuinywa, na huharibu figo. Usiimwage chini gerejini wala usiiweke kwenye chupa ya soda. Aliyeinywa apelekwe hospitali papo hapo, hata kama bado anaonekana mzima.