Mshale wa Kumnyamazisha Jogoo

Mwanamume amekaza upinde wa maua, shabaha yake jogoo. Mpenzi wake bado yuko kitandani, na jogoo akiwika tu, usiku umekwisha. Huyo ndiye Vibhasa, raga (mfumo wa melodi) ya alfajiri, kama alivyochorwa katika ragamala za India, yaani seti za michoro ya raga.

Wengi hudhani mchoraji alifumba macho, akasikiliza muziki, kisha akachora alichokisikia. Wapi! Alikuwa na ubeti. Raga zilitungiwa beti zinazozieleza kama watu: huyu kavaa nini, yuko wapi, anamlilia nani. Mara nyingi ubeti huo huandikwa juu ya mchoro, kwenye utepe wa manjano. Mchoraji angeweza kuwa hajui kuimba kabisa na kazi yake ikatoka safi. Kwa hiyo usitafute noti humo. Tafuta dalili: mwanamke mwenye kinanda cha vina, paa wakimsogelea kwa kunogewa, ni Todi; aliyezungukwa na nyoka ni Asavari; palipo na mvua na mawingu meusi pana Megha.

Mpangilio wenyewe ni ukoo. Raga sita ni waume, kila mmoja ana wake watano waitwao ragini, jumla 36. Wachoraji wa milimani, Himalaya, wakaongeza wana wanane kwa kila mume, ukoo ukafika 84. Mwaka 1591 seti moja ilichorwa Chunar, karibu na Banaras, na wachoraji wa miji ya Bundi na Kota wakawa wanarudia mikao yake kizazi baada ya kizazi.

Lakini kinachonishika mimi ni kazi ya mikono. Brashi ya manyoya ya kindi, na karatasi iliyosuguliwa kwa jiwe la akiki hadi rangi ing'ae. Huko Basohli, kule milimani, walikata magamba ya mbawakawa wa kijani, wakayabandika vipande vidogo mahali pa zumaridi. Ukiuinamisha mchoro, kidani kinametameta kweli.

Halafu wafanyabiashara wanauza seti karatasi moja moja, kwa kuwa hivyo inalipa zaidi. Ile aliyoichora Nasiruddin huko Chawand mwaka 1605 imetawanyika: mume makumbusho haya, mke kwa tajiri yule. Kwangu huo ni uharibifu, hata kama kila karatasi imewekewa fremu ya dhahabu.

Matumizi ya michoro hii? Burudani ya jumba la mfalme, ikipitishwa mkono kwa mkono, zawadi, siku hizi majalada ya vitabu, kalenda, kadi za posta.