Kulea Makinda Walioachwa

Wenzetu wa Makangale, kaskazini mwa Pemba, wawajua ndege wa baharini. Mtu apitaye msitu wa Ngezi hata akafika Ras Kigomasha huwaona membe wakiwinda samaki. Ndege wa namna hiyo wote wana shida moja: chakula chao ki baharini, na watoto wao wako nchi kavu. Mzazi asiporudi, kinda hana wa kumlisha.

Shida hiyo imewapata sana pengwini wa Afrika ya Kusini. Pengwini ni ndege asiyeruka. Mabawa yake ni kama makasia, naye huogelea upesi akifuata dagaa. Kila mwaka manyoya yake yote hutoka, yakaota mapya, na kwa majuma matatu hivi hawezi kwenda baharini, kwa kuwa maji ya baridi yangempenya mpaka mwilini. Basi dagaa wakiwa haba, makinda hukawia kukua, na wakati wa manyoya huwakuta wazazi wangali wanalea. Ndipo wazazi hukaa pwani na njaa yao, na makinda hukosa chakula. Huo si ukatili wa mzazi, ni uhitaji. Na nyavu za wanadamu zimo katika sababu za dagaa kupungua.

Huko Cape Town kuna chama kiitwacho SANCCOB, kilichoanzishwa mwaka 1968 na Bibi Althea Westphal, baada ya mafuta ya meli kumwagika na kuwapaka ndege. Mwezi wa Juni mwaka 2000 meli Treasure ilizama kati ya visiwa vya Robben na Dassen. Pengwini 19,000 hivi walipakwa mafuta, na makinda zaidi ya 3,000 wakaokotwa. Tangu mwaka 2006 makinda walioachwa wakati wa manyoya nao wamekuwa wakitafutwa na kulelewa.

Kazi yenyewe yataka subira. Kinda mdogo huwekwa penye joto, akalishwa samaki waliosagwa kama uji. Akikua hupewa samaki wazima, naye hupimwa uzito ijulikane kama anaendelea. Kisha hutiwa bwawani aogelee, na manyoya yake huangaliwa kama yazuia maji. Akiwa tayari hutiwa alama na kurudishwa pwani. Wataalamu waliowafuatia ndege hao wameona kwamba huishi na kuzaa kama wenzao waliolelewa na wazazi.

Hata hivyo hatari haijaondoka. Mwaka 2024 pengwini hao waliandikwa miongoni mwa viumbe walio karibu kabisa na kutoweka, na jozi zilizokuwa zikitaga hazikufika 10,000.

Yatupasa nini sisi? Kwanza, watoto wetu wafundishwe kutookota mayai wala makinda ufukweni. Kinda aliye peke yake huenda hakuachwa. Yamkini mamaye yuko baharini akimtafutia chakula, naye akimwona mtu karibu huogopa kurudi. Na tujitenge mbali, tutazame kwa saulo.

Pili, tuwafikiri yatima waliomo nyumbani mwetu. Wazee walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Wale walezi wa Cape Town hawamfugi kinda awe wao. Humlisha ili apate nguvu za kwenda zake. Je, yule mtoto wa ndugu tuliyempokea, twamlea hivyo? Anakwenda shule pamoja na wana wetu, au amekuwa mchota maji wa nyumba? Mungu awaonaye hata shomoro amtazama yeye pia. Kila mwenye nyumba na ajijibu mbele zake, na mwalimu awaulize wazazi wa darasa lake kwa upole.