Vitabu vya Picha na Moyo wa Mtoto: Kumfundisha Kutulia, Kushukuru na Kusema Linalomsumbua

Mtoto anaporudi kutoka shule, wazazi na walezi wengi humuuliza kama amekula, kama amefanya zoezi, kama ana kazi ya nyumbani. Ni wachache wanaomuuliza moyo wake umeshindaje. Katika miaka ya karibuni vimeongezeka vitabu vya hadithi za picha vinavyomsaidia mtoto kutulia, kuzitambua hisia zake na kushukuru. Kwa kuwa vingi vimeandikwa ughaibuni, baadhi ya wazazi Wakatoliki hujiuliza kama mafundisho hayo yanapatana na imani yetu. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba vitabu hivyo vina msaada mkubwa, mradi mzazi akae na mtoto, amsikilize, na amwongoze kutoka katika hisia zake hadi kwa Mungu na kwa jirani.

Ni vitabu vya namna gani?

Mwandishi na mchoraji Mhispania Anna Llenas alitoa mwaka 2012 kitabu kuhusu kiumbe ambaye hisia zake zimevurugika hata hajielewi. Msichana mdogo anamsaidia kuzitenganisha, kila hisia katika chupa yake na kwa rangi yake: furaha ni njano, huzuni ni bluu, hasira ni nyekundu. Mtoto ambaye bado hajui kujieleza huweza kunyoosha kidole kwenye rangi inayofanana na hali yake.

Mwaka 2015 Mmarekani Matt de la Peña, pamoja na mchoraji Christian Robinson, walitoa hadithi ya mvulana anayetoka kanisani na bibi yake siku ya mvua. Mvulana ananung'unika kwa nini wao wanapanda basi ilhali wengine wana magari. Bibi hamkaripii, anamfundisha kuuona uzuri uliomo katika safari ile ile, hadi wanapofika mahali wanapotoa huduma ya chakula kwa maskini. Kwa familia ya Mabibo inayosubiri daladala baada ya Misa ya Jumapili, hadithi hiyo haihitaji maelezo marefu.

Hapa kwetu pia vitabu vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 ili kupunguza uhaba wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wametoa hadithi nyingi za watoto. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ina sehemu ya watoto. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kusoma bila malipo hadithi za picha za Kiswahili katika mkusanyo wa African Storybook. Wala si lazima kitabu kiwe kimeandikwa kwa ajili ya kufundisha hisia. Hata hadithi ya sungura na fisi yatosha, mzazi akiuliza: "Unadhani fisi alijisikiaje alipogundua kwamba amedanganywa?"

Kanisa lafundisha nini kuhusu hisia?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1767) inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala mbaya kimaadili. Huwa njema au mbaya kadiri zinavyoongozwa na akili na utashi. Kwa hiyo mtoto aliyekasirika hajatenda dhambi kwa kuisikia hasira. Anachohitaji ni kufundishwa aifanyie nini hasira hiyo kabla haijafika mkononi au mdomoni.

Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro (Yn 11:35), aliwatazama kwa hasira wenye mioyo migumu (Mk 3:5), na huko Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi (Mt 26:38). Basi usemi wetu kwamba mwanaume halii haukutoka katika Injili. Mvulana anayekatazwa machozi hafundishwi ushujaa, anafundishwa kuficha.

Kiswahili kimejaliwa maneno mengi ya mambo ya moyo: simanzi, unyonge, kinyongo, kijicho, wasiwasi, upweke, majuto, aibu. Hata hivyo, watoto wengi hujua mawili tu, "nimefurahi" na "nimekasirika". Kitabu cha picha kinampa mtoto maneno hayo mengine, naye akishapata neno, ameanza kupata njia ya kuomba msaada.

Shukrani ina wa kumwelekea

Vitabu vingi vya namna hii humwalika mtoto ataje mambo mazuri ya siku, kisha huishia hapo. Imani yetu inapiga hatua moja zaidi. Katika Injili ya Luka (17:11-19) wakoma kumi walitakaswa, na bila shaka wote walifurahi. Mmoja tu, Msamaria, ndiye aliyerudi kumshukuru Yesu. Furaha ya wale tisa ilikosa wa kuambiwa. Mtoto wa Kikristo afundishwe kurudi kama yule mmoja: amshukuru Mungu, kisha amshukuru pia mtu ambaye Mungu amemtumia. Hayati Papa Fransisko, katika Wosia wa Kitume *Amoris Laetitia* (namba 133) wa mwaka 2016, alisisitiza maneno matatu yanayohitajika katika kila familia: naomba, asante na samahani. Mtoto huyajifunza kwa kuyasikia wazazi wakiambiana.

Hapa panahitajika tahadhari. Shukrani isigeuzwe kuwa kizibo cha mdomo. Mtoto anayesema ana njaa au anaonewa, akajibiwa "shukuru hata hicho ulicho nacho", hajafunzwa fadhila. Amefunzwa kwamba maumivu yake hayana msikilizaji. Zaburi zina sifa na shukrani, lakini zina pia vilio na malalamiko, na zote ni sala.

Funzo la Mtakatifu Inyasi

Jina la Loyola linafahamika sana Mabibo kwa sababu ya shule ya sekondari inayoendeshwa hapo na Mapadre Wajesuiti. Habari za msimamizi wake zinahusu jambo letu moja kwa moja. Mwaka 1521 Inyasi alijeruhiwa mguu vitani huko Pamplona. Akiwa kitandani nyumbani Loyola alisoma vitabu viwili, kimoja cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Akagundua kwamba ndoto za fahari ya dunia zilimpendeza kwa muda, kisha zikamwacha mkavu; bali mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwachia furaha yenye kudumu. Kwa kuchunguza kitabu kilimwacha katika hali gani, alianza kuitambua sauti ya Mungu moyoni.

Kutokana na mang'amuzi hayo aliweka katika Mazoezi ya Kiroho uchunguzi wa dhamiri wenye hatua tano, na hatua ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa. Kwa hiyo kutulia, kushukuru na kujitambua si mambo mageni kwa Mkatoliki. Tofauti ni kwamba sisi hatutulii ili tubaki peke yetu na nafsi zetu. Tunatulia ili tukutane na Yeye aliye karibu nasi.

Namna ya kusoma na mtoto

Tunafahamu hali ya mitaa yetu. Wako wazazi wanaotoka alfajiri kwenda sokoni Mahakama ya Ndizi na kurudi jioni wamechoka, na wengi wanaishi chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji wengi. Dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Someni polepole, na mtoto aachiwe aitazame picha kabla ya kugeuza ukurasa. Aulizwe maswali mawili au matatu: mhusika anajisikiaje? Wewe umewahi kujisikia hivyo lini? Leo unamshukuru Mungu kwa lipi, nawe unamwomba nini? Kisha ifuate sala fupi na ishara ya msalaba. Asiyejua kusoma asione haya. Asimulie picha, au kaka na dada wakubwa wasome. Jumuiya Ndogo Ndogo na walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuchangia vitabu vichache na kuvizungusha nyumba kwa nyumba.

Mtoto akisema, asikilizwe

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionesha kwamba takribani wasichana watatu kati ya kila kumi, na mvulana mmoja kati ya kila saba, walipata ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mtoto aliyezoea kuulizwa "umeshindaje moyoni?" ana mlango wa kupitishia siri nzito namna hiyo. Akiufungua, mzazi asimgombeze wala asilimalize jambo kimya kimya kifamilia. Atoe taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au apige simu namba 116 bila malipo.

Umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni ya leo, kabla ya taa kuzimwa, mwite mwanao, mfungue kitabu kimoja, na umsikilize. Mungu Baba, anayejua yaliyomo mioyoni mwetu hata kabla hatujasema, azibariki familia zetu.