Shukrani na subira katika misiba ya Waswahili

Kwa Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, kumshukuru Mungu hakungojei shida ipite. Mgonjwa akiulizwa hali hutanguliza Alhamdulillahi, ndipo aeleze kuwa usiku hakupata usingizi au kwamba mguu bado unamuuma. Mvuvi aliyerudi na dau tupu husema riziki ya leo haikuandikwa, kisha hukaa kushona nyavu zake. Mgeni aweza kudhani kuwa maumivu yanafichwa. Sivyo: maumivu hutajwa, tena kwa kirefu, ila hutajwa baada ya Mungu kutajwa. Desturi hii imesimama juu ya imani ya Kiislamu ya kadari, kwamba heri na shari zote hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini imani peke yake haitoshi kuieleza. Subira ya mfiwa hubebwa na watu wengi, na bila ujirani huo wachache wangeiweza.

Hayo huanza kuonekana katika ugonjwa. Kumtazama mgonjwa ni wajibu, na jamaa hawafiki mikono mitupu: huleta uji, machungwa au madafu. Ugonjwa ukizidi, Yasini husomwa kando ya kitanda, na familia huweka nadhiri kwamba akipona yatasomwa maulidi au itatolewa sadaka. Nadhiri ni deni, na haifutwi na uhaba wa fedha. Mgonjwa akiinuka, wali hupikwa, watoto wa chuo cha Kurani huitwa kula na kuomba dua.

Mauti yakitokea, kauli ya kwanza ni ile inayotokana na Sura ya Al-Baqara, ya kukiri kwamba viumbe ni wa Mungu na kwake watarejea. Kulia kunaruhusiwa. Mtume Muhammad mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga kifua, kurarua nguo na kumlaumu Mungu. Masheikh hufundisha kuwa subira ya kweli ni ile ya dakika za mwanzo za pigo, kwa kuwa baada ya siku nyingi kila mtu hutulia. Ndiyo maana wanawake watu wazima huwahi kumzunguka mfiwa, wakamshika mikono na kumwambia, “Mwanangu, mshukuru Mungu, usikufuru.” Maneno hayo ni mazito kwa mama aliyepoteza mtoto saa hiyo hiyo. Husemwa na watu ambao wengi wao wameshazika watoto wao, na hapo ndipo yanapopata nguvu.

Maziko hayacheleweshwi. Huku maiti ikioshwa na kuvishwa sanda, vijana wa mtaa huenda kuchimba kaburi. Jeneza hupokezanwa mabegani, kila mwanamume akitaka kulibeba japo hatua chache, hata kama hakumjua marehemu. Kabla ya kuzika, jamaa mmoja husimama akatangaza kuwa anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, na aliyekosewa naye amsamehe. Tangazo hilo fupi humwondolea mfiwa hofu kubwa, maana deni huaminiwa kumfuata mtu hadi kaburini.

Kisha huja matanga, kwa kawaida siku 3. Wanawake hulala chini mikekani pamoja na mfiwa, wanaume hukaa barazani. Wajao hutoa mkono wa makiwa na kumwombea mfiwa subira. Kwa desturi nzuri ya asili, chakula cha siku hizo hutoka kwa majirani, kufuatana na agizo la Mtume kwamba jamaa wa Jaafar bin Abi Talib wapikiwe walipofikiwa na habari za kifo chake. Hitima husomwa kwa kugawana juzuu 30 za Kurani, kila msomaji akichukua yake, hata msahafu mzima ukamalizika katika kikao kimoja.

Mahali pengi mambo yamegeuka: mfiwa ndiye anayepika pilau ya umati. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) alikemea gharama za namna hii katika harusi na matanga. Lawama hiyo ingali na haki. Familia inayokopa ili kuwalisha wageni hupewa mzigo wa pili kabla haijautua wa kwanza.

Mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Kizuka, kama anavyoitwa, hajipambi wala hatoki ovyo, na wanawake wenzake huja kuzungumza naye ili upweke usimshinde.

Bahari huleta misiba ya namna yake, kwa sababu mara nyingine hairudishi maiti. Meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na mamia ya watu walipoteza maisha. Kwa aliyekufa mwili wake usionekane, kuna sala ya ghaibu, ambayo madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili wengi, yanaikubali. Sala hiyo humpa mfiwa mahali pa kuanzia matanga ingawa hakuna kaburi.

Fasihi nayo imeyahifadhi haya. Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1921 na 1922, husimulia Nabii Ayubu alivyopoteza mali, watoto na afya bila kumwacha Mola wake. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Alimuusia binti yake, Mwana Hashima, juu ya dini na unyumba, kisha akamalizia kwa dua ndefu: akamwomba Mungu amponye, awalinde watoto wake na kuwakutanisha na jamaa zao peponi. Utendi huo umeendelea kusomwa na wanawake wa pwani, wazima na wagonjwa.