Ua wako wa kayaba una mianya chini? Huenda hukuukata mapema

Kuna nyua nyingi za kayaba zilizopita kimo cha mtu, juu zimefunga kabisa, lakini chini kuna mianya. Kuku wanatoka, mbuzi wa jirani anaingia, na mahindi yanaliwa. Mwenye boma hulaumu miche, ilhali mara nyingi kosa lilikuwa kuuacha ua urefuke kwanza.

Kayaba, au kai-apple, asili yake ni kusini mwa Afrika, na jina hilo la pili linatokana na mto Kei wa Afrika Kusini. Hubaki kijani mwaka mzima, huvumilia kiangazi, na miiba yake mirefu humzuia hata ng'ombe.

Je, kayaba inakufaa?

Kama watoto wadogo wanacheza karibu na ua, fikiria mara mbili. Saipresi haina miiba, lakini ukiikata hadi kwenye mti mkavu usio na majani, hapo haichipuki tena. Lantana nayo huziba haraka, ila majani yake ni sumu kwa mifugo. Kayaba hukatwa sana na bado huchipua.

Jinsi ya kupanda

1. Panda mvua zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.

2. Usipande juu ya mpaka. Ua huu hunenepa, kwa hivyo ingia ndani ya shamba lako karibu mita moja kutoka kwenye bikoni. Hapo utaweza kukata pande zote mbili bila kugombana na jirani.

3. Chimba mtaro, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha panda miche kwa nafasi ya futi moja.

4. Palilia, na uzuie mbuzi wasifikie miche ikiwa bado michanga.

Kukata ndiko huziba mianya

Mche ukipita futi moja hivi, kata ncha. Inauma kuukata mti unaotamani ukue, lakini ncha ikiondoka, matawi ya pembeni huchipua chini. Yakirefuka, kata tena. Pandisha ua polepole hivyo hivyo hadi ufike kimo unachotaka.

Hakikisha chini ni pana kuliko juu. Juu kukiwa pana, chini hukosa mwanga, majani hupukutika na mianya hurudi.

Ukimaliza kukata, okota matawi yote. Miiba yake hutoboa tairi za baiskeli na pikipiki, na humchoma vibaya anayetembea pekupeku.

Na matunda je?

Matunda yake ya manjano ni machachu sana, lakini hutengeneza jamu nzuri. Kayaba ina miti dume na miti jike, na ni jike linalozaa. Pia, ua unaokatwa mara kwa mara huzaa kidogo. Anayetaka matunda aache miti michache bila kuikata.

Kama ua umeshaharibika

Usiung'oe. Mvua zinapoanza, ukate hadi karibu futi moja kutoka ardhini, na upande miche mipya palipo na pengo kubwa. Usikate ua wote kwa mara moja, la sivyo boma litabaki wazi. Anza na upande mmoja, uzibe kwa waya au matawi makavu, kisha ufuate upande wa pili ule wa kwanza ukishafunga.