Kisahani kifike mbali: namna ya kukichagua na kukishika



Wazee wa Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao, zikalala kwenye kituo cha treni zikingojea safari. Tena katika miaka ya 2005 na 2006 vita vya upande wa Mitwaba na Pweto viliwafanya wengine wengi kuacha mashamba yao. Kila mara, pamoja na nyumba, kinachovunjika ni kuaminiana kwa majirani.

Mchezo haurudishi nyumba wala shamba. Lakini unaweza kumweka mtoto wa mwenyeji na mtoto wa mkimbizi kwenye mstari mmoja, kila mmoja akingojea zamu yake. Leo tunaeleza mchezo mmoja wa namna hiyo: gofu ya visahani.

Mchezo wenyewe

Mchezaji anarusha kisahani cha plastiki kuelekea shabaha. Anakifuata kilipoangukia, anarusha tena kutoka hapo, mpaka kifike. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa California, Marekani, mwaka 1975, kwa kazi ya Ed Headrick. Huyo ndiye aliyebuni kikapu chenye minyororo cha kupokea kisahani. Lakini kikapu si lazima. Mti uliofungwa kitambaa unatosha.

Katika michezo ya kawaida hakuna mwamuzi. Kila mtu anahesabu mirusho yake mbele ya wenzake, na wenzake wanamwamini. Aliye mbali zaidi na shabaha ndiye anayetangulia kurusha, na wengine wananyamaza.

Shida huanzia kwenye umbali. Kijana ambaye kisahani chake kinaanguka karibu anachekwa, na kesho hatarudi. Mara nyingi huyo ni mgeni, ambaye hajapata siku za kujifunza. Wengi wanafikiri amekosa nguvu. Kwa kweli amekosa mambo mawili: kisahani kinachomfaa, na namna ya kukishika.

Kuchagua kisahani

Visahani ni vya aina tatu. Cha karibu kina ukingo mnene wa mviringo. Kinakwenda polepole na kunyooka. Cha kati kinakwenda mbali kidogo zaidi. Cha mbali kina ukingo mpana na mwembamba unaokata hewa, lakini kinadai mkono wenye kasi kubwa.

Juu ya visahani vingi kuna namba nne. Ya kwanza ni mwendo, kuanzia 1 hadi 14 au zaidi. Ya pili inaonyesha jinsi kinavyoelea. Ya tatu inaonyesha jinsi kinavyopinda mwanzoni, kikiwa na kasi. Ya nne inaonyesha jinsi kinavyopinda upande wa pili mwishoni, kasi ikipungua. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta mkono mbele ya kifua, mwanzo ni kulia na mwisho ni kushoto. Kwa wa mkono wa kushoto ni kinyume.

Kosa la wengi ni kuchukua kisahani chenye mwendo 12 au 13 siku ya kwanza. Mkono ukikosa kasi inayotakiwa, kinapinda kushoto mapema na kuanguka. Anayeanza atafika mbali zaidi na kisahani cha kati, au chenye mwendo wa 6 au 7. Uzito nao una maana. Visahani vya mbali havizidi gramu 175 hivi. Kwa vijana na akina mama wanaoanza, gramu 150 hadi 160 ni nafuu.

Mahali petu nako kuna neno lake. Uwanda wa Katanga uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa hiyo kisahani kinaelea kidogo tu, na kinawahi kupinda kushoto. Chagueni chenye namba ndogo mwishoni, 1 au 2. Upepo wa kiangazi ukivuma usoni, unakisukuma kupinda kulia. Hapo shikeni chenye namba ya mwisho kubwa zaidi.

Kukishika

1. Kunja vidole vinne chini ya kisahani, ncha zake zikibana upande wa ndani wa ukingo. Kidole cha shahada ndicho kinachofanya kazi kubwa.

2. Weka kidole gumba juu, karibu na ukingo, ukikandamiza. Kinazuia pua ya kisahani, yaani upande wa mbele, isiinuke.

3. Ukingo uingie vizuri kwenye mkunjo wa kiganja, pasiwe na nafasi. Kisahani kifuate mstari wa mkono wako, kifundo kikiinama kidogo kana kwamba unamimina chai.

4. Usibane kwa nguvu tangu mwanzo. Mkono uliokakamaa hauna kasi. Shika kwa upole, vuta karibu na kifua, na ubane pale tu mkono unapofika mbele.

Kwa mirusho mifupi, tandaza vidole chini ya kisahani. Utapata uhakika zaidi, ingawa nguvu itapungua.

Mzunguko ndio unaokifanya kisahani kitulie hewani, na mzunguko unatoka kwenye vidole. Kisahani kikiponyoka mapema kitakwenda kushoto. Kikichelewa kutoka kitakwenda kulia. Kikipanda juu, kisimame, kisha kianguke, jueni pua iliinuka. Wakati wa mvua, futeni mikono na kisahani kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mrusho.

Mmarekani David Wiggins Jr. alirusha mita 338 mwaka 2016, jangwani, upepo mkali ukimsaidia kwa nyuma. Sisi tusijipime kwake. Anayeanza akifikisha mita 40 kwa mstari ulionyooka, apigiwe makofi.

Neno kwa viongozi

Ombeni ruhusa ya mwenye kiwanja kabla ya kuanza, hata kama panaonekana hapana mtu. Ugomvi wa ardhi unaweza kuzaliwa hata na mchezo. Msirushe kuelekea mashamba yaliyopandwa, barabara au mashimo ya machimbo. Hakikisheni hakuna mtu mbele. Kisahani cha mbali kinaumiza.

Wapangeni wachezaji wawili wawili, mwenyeji na mkimbizi, kisahani kimoja kwa wote wawili, wakipokezana mirusho. Hapo kosa la mmoja ni kazi ya mwenzake, na anayejua kushika ana sababu ya kumfundisha asiyejua. Wasichana wapewe zamu sawa na wavulana. Kama kisahani hakijapatikana, kifuniko cha ndoo kinafaa kuzoeza vidole, ingawa hakitaruka mbali.

Maswali ya kujadili

Katika kijiji chetu, ni nani huachwa nje ya michezo, na kwa sababu gani?

Tulimwona nani kuwa hawezi, kumbe hajafundishwa?

Kama tunaweza kuaminiana katika kuhesabu mirusho, ni jambo gani lingine dogo tunaloweza kuanza kuaminiana?

Amani iwe nanyi nyote.